Kupiga ngoma kwa vidole juu ya telefone: kijana wa kijijini aanzie wapi?

Kule Lusangi, kusini ya jimbo la Maniema, kijana mwenye wimbo kichwani mara nyingi anajiambia kwamba lazima kwanza atafute franka za njia mpaka Kasongo, ao hata Kindu, juu ya kupata mtu wa kumpangia mapigo. Akifika kule anapewa mapigo ambayo yako tayari, yale yale ambayo kila mtu ameisha kuimbia. Lakini ile sehemu ya kazi anaweza kuifanya nyumbani kwao, na telefone, programu moja na vidole vyake.

Jambo lenyewe si la jana. Mwaka 1988 kampuni Akai ya Japani ilitoa mashini inayoitwa MPC60, iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn. Ilikuwa na vitufe 16, mistari minne ya vitufe vinne vinne, na kila kitufe kilibeba sauti yake. Mpango ule ule njo uko leo ndani ya FL Studio, kwenye sehemu yake inayoitwa FPC, na ndani ya Koala Sampler ya telefone. Kwenye kompyuta, LMMS na Hydrogen ni za bure kabisa. FL Studio ya majaribio nayo ni ya bure, lakini iko na mtego: inakubali kuhifadhi kazi, kisha inakataa kuifungua tena mpaka mtu alipe. Kwa hiyo mtu atoe faili ya sauti iliyokamilika mbele ya kufunga.

Kosa linalovunja watu wengi moyo si la vidole. Ni ekutere zisizo na waya. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu ya sekunde, na robo ya pigo ni milisekunde 125 tu. Bluetooth mara nyingi inachelewesha sauti kupita hapo. Mtu anagusa, sauti inakuja nyuma, anajiona hajui kupiga, kumbe anajua. Ekutere za waya za bei ya chini sokoni zinashinda zile za kifahari kwa kazi hii.

Mwanzoni sauti tatu zinatosha: groskesi, kesi klere na sharle. Telefone ilale juu ya meza, isishikwe mkononi. Mkono wa kuume ubebe sharle peke yake. Wa kushoto ubebe groskesi na kesi klere kwa vidole viwili tofauti. Groskesi kwenye moja na tatu, kesi klere kwenye mbili na ine, sharle mara mbili kwa kila hesabu. Metronomu iwekwe kwenye 70, polepole sana, mpaka mkono mmoja uache kungojea mwingine. Kukimbilia 120 siku ya kwanza ni kujifunza makosa kwa haraka.

Kuna shida nyingine ndogo: kwa kawaida kioo cha telefone hakisikii nguvu ya kidole, pigo la upole na la nguvu vinatoka sawa. Dawa yake ni kuweka sauti moja kwenye vitufe viwili, kimoja kikipunguzwa sauti. Hapo ngoma inaanza kupumua.

Kisha anaweza kujaribu kavasha, ile ambayo Zaïko Langa Langa na mpiga batri wake Meridjo Belobi waliieneza miaka ya 1970. Inasimuliwa kwamba ilitokana na mlio wa gari la moshi. Umbo lake rahisi ni hili: mtu ahesabu kumi na sita, groskesi ipige kwenye 1, 5, 9 na 13, na kesi klere kwenye 1, 4, 7, 11 na 12. Kwenye karatasi inaonekana hesabu tu, lakini mtu yeyote aliyekulia Kongo ataitambua mwilini mbele ya kumaliza mzunguko wa pili.

Programu hizi ziko na kifungo cha kunyoosha mapigo, kila pigo likae sawasawa kwenye mstari. Kinasaidia, lakini kinaua pia. Ngoma za kijijini hazikai kwenye mstari. Utamu wake uko katika kuchelewa kidogo hapa na kutangulia kidogo pale. Afazali kurudia kupiga mara kumi kuliko kunyoosha yote.

Na sauti zenyewe? Zile zinazokuja na programu zilirekodiwa mbali. Katika Koala mtu anafinya kitufe, telefone inarekodi, na sauti inabaki pale: ngoma ya ngozi, mchi ndani ya kinu, jembe lililogongwa na chuma, makofi ya wamama. Arekodi asubuhi na mapema, upepo ukiwa bado, telefone ikiwa karibu mita moja na ngoma. Na aombe ruhusa. Kuna ngoma ambazo wazee wanazitoa kwa kilio ao kwa sherehe fulani tu, na kuzitia ndani ya wimbo wa bar bila kuwauliza ni ugomvi wa kutafuta.

Sauti hizo zikisha kupatikana, zikopiwe siku hiyo hiyo kwenye kadi ya kumbukumbu ao kwenye telefone ya rafiki. Telefone moja ikianguka mtoni, ngoma ya babu inaweza kuwa imeenda nayo.