Nani Yuko Baharini Leo?

Wako wasomaji watakaotushangaa kuona tunaandika habari za klabu za vyombo vya tanga, kisha tunawaelekezea maneno yetu wakazi wa Kibaha na Kisarawe. Watasema kwamba Kibaha ni mji wa barabara kuu ya Morogoro, mji wa viwanda, shule na ofisi za mkoa. Na Kisarawe ni nchi ya vilima, mihogo, mikorosho na miembe. Mlingoti wa jahazi utaonekana wapi huko? Twakubali kwamba hauonekani. Lakini mkoa wenyewe waitwa Pwani, na hatudhani kwamba jina hilo liliwekwa kwa pambo.

Kisarawe ilikuwa na bahari yake. Kabla Wilaya ya Mkuranga haijakatwa kutoka katika Wilaya ya Kisarawe, mtu aliyetoka Maneromango akashuka mpaka Kisiju kupanda chombo cha Koma, Kwale au Mafia alikuwa bado yumo ndani ya wilaya yake. Mpaka ulipochorwa upya, ukoo haukugawanywa. Mpaka leo wako watu wa Kisarawe wenye shangazi na wajomba kule mikokoni, na kila msiba unaotokea huku au huko huwapandisha watu chomboni. Kibaha nayo ina Ruvu, mto ule ule ambao wasafiri wa karne ya 19 waliujua kwa jina la Kingani huko unakomwaga maji yake baharini, kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo.

Tena yafaa tukumbuke kwamba ngalawa haizaliwi baharini. Huzaliwa shambani. Mchongaji wa pwani hupenda gogo la mwembe, na mwembe ni mti ambao shamba la Mzaramo halikosi. Mwembe mkongwe ulioacha kuzaa hununuliwa ungali umesimama, huangushwa, na gogo huanza kuchongwa pale pale lilipolala, ili lipungue uzito kabla ya safari. Shoka hufanya kazi ya kwanza, na tezo hufuata. Umbo likiisha kuonekana huachwa likauke, ndipo lipelekwe pwani kwa fundi wa kulimaliza, kulitia mlingoti na kulifunga mirengu, ile miti inayokwenda kando kwa kando na kukizuia chombo chembamba namna hiyo kisipinduke. Basi mkulima aliyeuza mwembe wake, na vijana waliolivuta gogo hadi barabarani, wamekwisha kuwa na sehemu katika chombo hicho kabla hakijaonja chumvi.

Jahazi lina haja kubwa zaidi. Lataka mbao ngumu kama mvule na mninga, na mataruma yake yataka miti iliyopinda yenyewe porini, maana taruma la kulazimishwa halina nguvu. Miti hiyo yazidi kuwa adimu. Mkaa umeila misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kwa miaka mingi, na sasa misitu hiyo imewekwa chini ya hifadhi, jambo ambalo twaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini fundi wa majahazi halipi gharama ya ubao peke yake. Hulipa pia gharama ya ule mkaa uliochomwa jana.

Sasa tushuke pwani tuone hiyo klabu yenyewe.

Katika fungate nyingi za pwani yetu hakuna jengo la klabu. Pana mvinje au mkungu wenye kivuli, pana magogo ya kukalia, na pana mama anayeuza chai na maandazi tangu kabla ya alfajiri. Hapo ndipo wanachama wakutanapo. Wamo manahodha na mabaharia, mafundi wa kalafati, washonaji wa nyavu, wanunuzi wa samaki, na watoto ambao kazi yao ya kwanza baharini ni kuchota ngama. Ada ya uanachama ni kuja. Mtu asiyekuja siku tatu huulizwa, na siku ya nne hufuatwa nyumbani kwake.

Habari za wanachama hapo hazibandikwi ukutani. Hupita kwa midomo, na huanza na chombo ndipo zifike kwa mwenye chombo. Ngalawa ya fulani imepandishwa juu, inatiwa kalafati. Ya fulani imepasuka ubavu kwenye mwamba. Fulani amenunua turubai jipya la kushona tanga, kwani amerikani ya zamani imekwisha kuwa kitu cha kuhadithia. Ndipo yafuate ya watu: mtoto wa baharia amefaulu mtihani, binti wa nahodha anaolewa baada ya mfungo, mzee yule amelazwa. Na chombo kipya kikishushwa majini hapaulizwi nani amealikwa. Chombo ni kizito, mikono yatakiwa, na wali hupikwa. Kisha iko ile habari ambayo hakuna apendaye kuileta. Wahenga wetu waliiacha lugha iseme tanga na matanga kwa sauti moja. Sisi hatutatafuta asili ya maneno hayo, ila kila aliyelelewa pwani ameyasikia yote mawili chini ya mti mmoja.

Pwani hii ina klabu za namna nyingine pia. Dar es Salaam Yacht Club, iliyoko Msasani, ilianzishwa mwaka 1933, zama ambazo klabu za mjini zilikuwa mahali pa Wazungu kupumzika, na Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia. Zama hizo zimepita. Tena hatuoni haja ya kuuchukia mchezo kwa sababu ya waliouanza. Hata bara wako watu wanaocheza kwa tanga: huko Kenya, Ziwa Naivasha lina klabu yake ya mashua ingawa liko mbali sana na bahari. Nazo resi za majahazi za Lamu na za ngalawa huko Unguja zatuonyesha kwamba tanga laweza kuwa kazi asubuhi na furaha jioni, na nahodha aliyeshinda hutajwa mitaani mwaka mzima.

Lakini katika klabu za mashua duniani iko desturi moja ndogo ambayo twaitamani kuliko majengo yao. Nayo ni daftari. Mwanachama anayetoka huandika jina la mashua, majina ya waliomo, saa ya kutoka na saa anayotazamiwa kurudi. Akirudi hutia alama. Jua likikaribia kuzama, mwenye zamu hulitazama daftari, na palipokosekana alama hutafutwa mtu. Hakuna utajiri katika jambo hili. Ni karatasi na kalamu.

Chini ya mvinje daftari hilo limo vichwani mwa wazee. Mzee aliyekaa pale tangu alfajiri ajua ni vyombo vingapi vimetoka, na hulitambua tanga kwa kiraka chake kabla mwingine hajaona kitu. Zamani hilo lilitosha. Vyombo vilikuwa vya hapo hapo, na mabaharia walikuwa watoto wa hapo hapo. Siku hizi kijana hutoka kijiji cha mbali, hupanda chombo cha mtu asiyemjua, hufanya kazi wiki mbili kisha huhamia bandari nyingine. Wenzake humwita kwa jina la utani. Huyo akipotea, nani atapelekewa habari, na kwa jina gani?

Hatusemi haya kwa kutisha watu. Nchi yetu imekwisha kulipa gharama ya kutojua nani yumo chomboni. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa; hesabu yao kamili haikupatikana, maana abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati ya Ukara. Kilijengwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Hizo zilikuwa meli na vivuko, vyenye tiketi na makarani. Ngalawa ya watu watatu haina karani, na ikizama haitangazwi redioni.

Hapa ndipo tunapowageukia wasomaji wetu wa Kibaha na Kisarawe. Tungependa kusema nao kwa uwazi, kama ndugu wa chama kimoja.

Katika maofisi, shule na viwanda vya huko wako watu wenye vyombo baharini. Mwalimu aliyepata mkopo, karani aliyepokea kiinua mgongo, fundi aliyeuza kiwanja, hununua ngalawa au mashua huko Bagamoyo, akamkabidhi nahodha. Si jambo baya. Fedha ya mfanyakazi ikilala haina faida, na vijana wa pwani wanahitaji vyombo. Mapato hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya watu, na kila aliyetoka hupata kitoweo chake. Jioni mwenye chombo hupigiwa simu kule Kibaha akaambiwa samaki wameuzwa kiasi gani. Naye huuliza: nyavu zi salama? Mashine haijasumbua?

Sisi twauliza kwa nini swali la watu halimo katika simu hiyo. Mwenye chombo hujua kilo, hujua bei ya petroli, hujua hata rangi ya tanga lake. Mwulize majina ya vijana wanne waliolala baharini jana, atakutajia la nahodha, na pengine nalo nusu. Tulipopata uhuru tulisema kwamba mtu hatakuwa tena mkono wa kazi tu. Kama mfanyakazi wa kiwanda cha Kibaha anadai, kwa haki, kwamba jina lake liandikwe, mkataba wake uonekane na ajali yake ilipwe, hawezi kumnyima baharia wake kile anachokidai yeye kwa mwajiri.

Wako watakaojibu kwamba siku hizi iko simu ya mkononi. Ipo, na imeokoa watu. Lakini simu hulowa, huisha moto, na mawimbi ya mitandao hayafiki kila mahali penye mawimbi ya maji. Wengine watasema mashine zimeondoa hatari za tanga. Twaafiki kwamba mashine huwahi. Ila mashine ikizimika maili kumi kutoka ufukoni wakati kusi inavuma, kijana asiyejua kubisha tanga hana la kufanya ila kukaa na kupeperushwa. Baharia wa zamani alijua kwamba kusi na kaskazi zina miezi yake, na kwamba kati yake pana siku za maleleji ambazo upepo haupaswi kuaminiwa. Alifundishwa hayo chini ya mvinje, kwa kusikiliza. Baraza lile likifa kwa kukosa wasikilizaji, hakuna chuo kitakachofundisha yote yaliyokuwa yakifundishwa pale bila ada.

Tena si wenye vyombo tu wanaohusika. Mama anayekaanga samaki Maili Moja, akiuza mpaka taa ziwashwe, amepata samaki wake kutoka katika mikono hiyo hiyo. Mkulima wa Kisarawe aliyeuza mwembe ana haki ya kuuliza gogo lake limekuwa chombo cha nani. Familia inayompeleka kijana Kisiju kutafuta kazi ina haki kubwa kuliko wote ya kuambiwa amepanda chombo gani.

Nalo jambo lenyewe si zito. Katika bandari nyingi za wavuvi viko vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, na vikundi hivyo vimezoea kuweka hesabu za wavuvi na vyombo vyao. Kuongeza ukurasa wa kila siku, wenye jina la kila aliyetoka, kijiji chake na namba ya simu ya ndugu mmoja, kwataka daftari la shule na kijana mmoja anayejua kuandika. Mwenye chombo alipe daftari hilo kutoka katika fungu la chombo, pamoja na jaketi la kujiokolea kwa kila baharia, wala asilikate katika mafungu ya watu. Matawi ya chama na ya wafanyakazi yaliyoko Kibaha na Kisarawe yaweza kuwakusanya wanachama wao wenye vyombo jioni moja tu, wakae na simu zao, na kila mmoja ampigie nahodha wake mbele ya wenzake. Asiulize samaki. Aulize majina, ayaandike, na orodha hiyo ibandikwe hapo tawini, bara, pasipoonekana mlingoti, ili siku chombo kitakapochelewa wawepo watu wa Kibaha na Kisarawe wanaojua wanamngoja nani.