Sahihisha Picha, Uso Uache

Anayejifunza kupiga mandhari akikosolewa, mlima haukasiriki. Picha ya mtu ni habari nyingine. Ukisema "pua imekuwa kubwa" au "amekaa vibaya", umemgusa aliyepiga na umemgusa aliyepigwa, na mara nyingi aliyepigwa ni mama wa huyo kijana, shangazi yake au mchumba wake. Kwa hiyo wengi wanaoanza kupiga watu kwa simu hapa Komanda, mkoani Ituri, mashariki ya Kongo, huambulia ama sifa za haraka, "foto iko muzuri", ama kicheko. Vyote viwili havifundishi.

Na watu wa kupiga hawakosekani. Barabara ya taifa namba 4, inayotoka Beni kuelekea Mambasa na Kisangani, hukutana hapa na namba 27 iendayo Bunia, kilomita zipatazo 75. Madereva, wachuuzi, wanafunzi, jamaa waliokimbia vijiji vyao, wote hupita au hukaa hapa, na wengi wanataka sura yao itoke vizuri. Kijana mwenye simu anachohitaji zaidi ni jicho la pili litakalomweleza kwa adabu kilichotokea kwenye picha yake.

Jicho hilo lianze kwa kueleza linachokiona. "Paji linang'aa, macho yamezama gizani." Hapo hakuna hukumu, na wote wawili wanaweza kukubaliana kwa kutazama tu. Sababu inafuata: tuko digrii moja na kitu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua linakaribia utosini na nyusi zinatupa kivuli machoni. Halafu lije jambo la kufanya: "Mwingize mama chini ya baraza, hatua moja ndani ya kivuli, atazame nje penye mwanga." Udongo wetu mwekundu utarudisha mwanga laini chini ya kidevu, bila gharama. Ushauri mzuri unatekelezeka kesho asubuhi kwa simu ileile. Kumwambia mtu anunue kamera ni kumkatisha tamaa tu.

Penye hatari zaidi ni rangi ya ngozi. Mtu amesimamishwa mbele ya ukuta mweupe au mbingu angavu, uso umetoka kama kivuli, na mkosoaji anasema, "Ni mweusi mno." Maneno hayo ni mabaya, tena si kweli. Simu hupima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Ukuta ukiwa mweupe sana, inapunguza mwanga wote, na uso ndio unaolipa. Mwambie mpigaji aguse uso kwenye skrini, kisha aongeze mwanga kwa kutelezesha kidole, au amhamishie mtu wake mbele ya mlango ulio wazi wenye giza nyuma yake.

Tatizo hili lina historia, na anayekosoa afadhali aijue. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizisambazia maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa "Shirley", ili mafundi wasawazishe rangi kwa kuifuata ngozi yake. Filamu nazo zilitengenezwa zikilenga ngozi nyeupe. Miongoni mwa walioisukuma Kodak kurekebisha rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa kuwa bidhaa zao hazikutoka sawasawa kwenye picha. Ngozi za watu zilinufaika kwa mlango huo. Leo simu nyingi huja na programu ya kulainisha na kung'arisha uso. Mimi huomba izimwe kabla hatujaanza kuzungumza, maana haiwezekani kujadili mwanga juu ya uso ambao mashine imekwisha kuupaka.

Pua nayo isilaumiwe. Lenzi ya simu huona eneo pana, hivyo mpigaji husogea karibu ili uso ujae. Kwa umbali wa nusu meta, kilicho mbele kabisa hukua kuliko masikio. Arudi nyuma hadi meta mbili, kisha aikate picha. Kosa lilikuwa la miguu ya mpigaji.

Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, alianzisha mwaka 1990 utaratibu wa kukosoa kazi za sanaa: watazamaji husema kwanza kilichowagusa, mwenye kazi anauliza maswali yake, wao nao wanauliza bila kuhukumu, na maoni huja mwisho, kwa ruhusa yake. Kwa picha za watu naithamini sana hatua ya pili. Kijana akiuliza mwenyewe, "Yaya, mbona babu anaonekana amekasirika?", somo limefunguka. Huenda jua lilimchoma macho. Huenda hakukasirika hata kidogo: wazee wetu wengi hukaa mbele ya kamera kwa heshima, midomo imefungwa. Tazama kazi za Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, akipiga uani kwa mwanga wa jua, shuka la kitanda chake likiwa pazia la nyuma, mara nyingi picha moja tu kwa mteja. Wengi aliowapiga hawacheki, na bado wanakujaa machoni. Kudai meno ni kumlazimisha babu awe tangazo la dawa ya mswaki.

Kuna swali ninalolitanguliza kabla ya mwanga na umbali: huyu alikubali picha yake ionyeshwe? Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura (état de siège) Mei 2021, na kwa mtu aliyekimbia kwao, uso pamoja na kibao kilicho nyuma yake vinaweza kumtangaza alipo. Jibu likiwa hapana, picha hiyo hatuijadili, hata ikiwa nzuri namna gani.

Likiwa ndiyo, nataka faili lenyewe, kwa sababu nakala iliyopita WhatsApp imebanwa na ukungu wake si wa mpigaji. Tunachagua jambo moja la kubadilisha, moja tu. Anampiga mtu yuleyule, mahali palepale, saa ileile, kisha tunaziweka picha mbili kando kwa kando, na yeye ndiye anayeanza kusema.