Valvu ya Moyo Inayovuja Kidogo: Je, Ndiyo Chanzo cha Dalili?

Alifika kliniki mama mmoja, fundi cherehani mwenye umri wa miaka 38, akiwa ameshika bahasha yenye majibu ya kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Kwa miezi minne alikuwa ameacha kushona. Alichoka upesi, moyo ulimwenda mbio kila alipopanda ngazi, na usiku alilala akihesabu mapigo yake. "Daktari," aliniuliza, "nimeambiwa valvu ya moyo inavuja. Nikiendelea na kazi, si itapasuka?"

Niliyasoma majibu yale. Valvu ya mitrali ilivuja kwa kiasi kidogo, umbo lake lilikuwa la kawaida, vyumba vya moyo havikuwa vimetanuka na moyo ulisukuma damu vizuri. Kisha nikamwambia, "Mama, hebu nione viganja na macho." Viganja vilikuwa vimepauka, na ndani ya kope kulikuwa kweupe. Kipimo cha damu kilionyesha himoglobini ya gramu 6.9 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye mjamzito hutarajiwa kuwa na 12 au zaidi. Kila mwezi alipoteza damu nyingi kwa sababu ya uvimbe katika mfuko wa uzazi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza habari hiyo.

Kipimo cha eko hakikukosea. Kosa lilikuwa kukifanya kijibu swali ambalo halikuwa lake.

Kidogo maana yake nini?

Moyo una valvu nne. Hizi ni milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu isonge mbele na isirudi ilikotoka. Kwa siku moja kila mlango hufunguka na kufunga mara 100,000 hivi. Mashine za kisasa za eko huonyesha mwendo wa damu kwa rangi, nazo zina uwezo wa kunasa hata mchirizi mwembamba unaorudi nyuma. Ndiyo maana watu wengi wenye afya njema huonekana na uvujaji hafifu, hasa katika valvu za upande wa kulia wa moyo, na hata katika valvu ya mitrali. Valvu ya aota ni tofauti: ikivuja kwa kijana, sababu itafutwe.

Katika valvu ya mitrali, uvujaji huitwa mdogo iwapo damu inayorudi haifiki mililita 30 kwa kila pigo, na huitwa mkubwa ikifika mililita 60 au zaidi. Uvujaji mkubwa hurundika damu nyuma ya moyo, shinikizo hupanda hadi mapafuni, na mgonjwa hukosa pumzi. Uvujaji mdogo haufanyi hivyo. Moyo hufidia pungufu hilo kwa kusukuma zaidi kidogo, mwili ukapata haki yake, na mapafu yakabaki makavu. Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: kwa kawaida, uvujaji mdogo peke yake hauleti uchovu, maumivu ya kifua, kizunguzungu wala kukosa pumzi.

Dalili ni za kweli, chanzo ni kingine

Kumwambia mgonjwa kwamba valvu yake si tatizo si sawa na kumwambia kwamba haumwi. Penye dalili pana chanzo, na kazi yetu ni kukitafuta. Tuanze na yaliyo karibu: upungufu wa damu, shinikizo la juu la damu, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, pumu, kifua kikuu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, mishipa ya moyo iliyoziba, ujauzito, au wasiwasi. Wasiwasi wenyewe huweza kuzaliwa na majibu yaliyosomwa bila kufafanuliwa. Mtu aliyeambiwa kwamba moyo wake unavuja huanza kuusikiliza, na moyo unaosikilizwa usiku kucha huonekana kwenda mbio.

Pale ambapo kidogo si kidogo

Hata hivyo, tusiibeze kila karatasi iliyoandikwa neno hilo. Kuna hali tatu za kutahadhari nazo.

Ya kwanza ni homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa na kuacha kovu katika valvu. Kwa mtoto au kijana wa ukanda wetu, uvujaji mdogo katika valvu iliyonenepa au yenye ncha zilizokakamaa ni onyo la mapema, hata kama hana dalili yoyote. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia watoto na vijana 818 wenye dalili za awali za ugonjwa huu zilizoonekana kwa eko pekee. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki 4, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Ya pili ni homa isiyokwisha kwa mtu mwenye valvu inayovuja. Vijidudu huweza kukaa juu ya valvu na kuiharibu kwa siku chache. Damu ipelekwe maabara kuoteshwa kabla ya kuanza antibiotiki.

Ya tatu ni dalili nzito zisizolingana na majibu. Uvujaji unaoambaa ukutani mwa chumba cha moyo huweza kupimwa chini ya kiasi chake, na mwingine huongezeka mgonjwa anapojitahidi. Hapo kipimo kirudiwe na mtaalamu.

Maswali ya kuuliza

Ndugu msomaji, ukipewa majibu kama haya, muulize daktari wako: Ni valvu gani inayovuja? Umbo lake ni la kawaida? Vyumba vya moyo vimetanuka? Nirudi lini? Valvu yenye umbo la kawaida na uvujaji mdogo huhitaji kupimwa tena baada ya miaka kadhaa tu. Haihitaji dawa wala upasuaji, na haikukatazi kazi, mazoezi au ujauzito.

Nanyi wenzangu watoa huduma, msimkabidhi mgonjwa neno "inavuja" bila kumweleza maana yake. Na kabla ya kuilaumu valvu, tazameni viganja.

Mama yule alitibiwa upungufu wa damu na uvimbe wake, akarudi kwenye cherehani. Valvu yake bado inavuja, kidogo vilevile.