Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi: Habari za Watumishi wa Viungo, Nairobi Mashariki

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni hata Umoja, Kayole na Dandora, watu huamka alfajiri na kwenda kazini kwa miguu, kwa matatu na kwa pikipiki. Mhunzi wa Kamukunji hutegemea mkono wake, mchukuzi wa Gikomba hutegemea mgongo wake, na karani hutegemea vidole vyake. Mmoja wao akipatwa na ajali au kiharusi, jamaa na majirani huuliza swali moja: Je, atapona? Madaktari na wauguzi wakiisha kuyaokoa maisha yake, huja swali la pili, ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: Je, atafanya kazi tena?

Wako watumishi ambao kazi yao ni kulijibu swali hilo la pili. Hawa ndio watumishi wa idara ya kurudisha nguvu za viungo. Wagonjwa wengi huwajua kwa sura tu, wala hawajui kazi yao hasa ni ipi.

WATUMISHI WA IDARA HIYO

Wa kwanza ni wataalamu wa fiziotherapia, ambao hushughulika na misuli, viungo, pumzi na mwendo. Wa pili ni wataalamu wa tiba ya kazi, ambao humfundisha mgonjwa kufanya tena shughuli zake za kila siku, kama vile kuvaa, kula, kuoga, kuandika na kushika chombo. Wa tatu ni mafundi wa plasta, na wa nne ni mafundi wanaotengeneza miguu na mikono ya bandia, viatu maalumu na vyuma vya kuutegemeza mguu. Hufanya kazi pamoja na daktari na muuguzi, na kila mmoja humtegemea mwenzake kama vidole vya mkono mmoja.

Huduma za namna hii hazikuanzia katika mitaa ya mashariki. Hospitali kuu ya Nairobi, ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ilianzishwa mwaka 1901, na kwa miaka mingi mkaaji wa mashariki aliyevunjika mguu alilazimika kuvuka mji mzima ili kuifikia. Mwaka 2011 Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ilifunguliwa karibu na Barabara ya Kangundo, baada ya kujengwa kwa msaada wa Serikali ya China. Hapo watu wa Umoja, Kayole, Komarock na Dandora walipata hospitali kubwa karibu na nyumba zao. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mwenye jino bovu huenda hospitali mara moja au mbili, bali mwenye kiungo kilicholegea hutakiwa kwenda mara nyingi, kwa majuma na miezi.

MHUNZI ALIYEANGUKA

Msomaji na amfikirie mhunzi mmoja wa Kamukunji, mtengenezaji wa masanduku ya bati na makarai, mwenye umri wa miaka 55, akaaye Umoja katika orofa ya nne. Asubuhi moja mdomo wake unapinda upande, mkono wa kuume unalegea, na maneno hayatoki sawasawa. Hizo ni dalili za kiharusi. Azionaye asingoje hata jioni ili kuona kama zitapita. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwa maana ubongo uliokosa damu hufa upesi.

Ikiwa amewahi na hatari imepita, mtaalamu wa fiziotherapia humjia kitandani. Hamwambii asimame. Kwanza humlaza vizuri, huuweka mkono uliolegea juu ya mto, na huvikunja na kuvinyosha viungo polepole ili visikakamae. Kisha mgonjwa hufundishwa kujigeuza, kuketi ukingoni mwa kitanda, kusimama huku ameshikwa, na kuutia mguu dhaifu uzito wa mwili kidogo kidogo. Mwishowe hutembea kati ya mapao mawili akiyashikilia. Kila tendo hurudiwa mara nyingi sana, kwa kuwa ubongo hujifunza kwa kurudia, kama mtoto wa shule ajifunzavyo kuandika herufi.

Mtaalamu wa tiba ya kazi naye huanza kwa kuuliza: Mtu huyu hufanya nini kila siku? Humwonyesha kwamba wakati wa kuvaa shati mkono dhaifu uingie kwanza, na wakati wa kulivua utoke mwisho. Mpini wa kijiko huzungushiwa kitambaa ili unenepe na kushikika kwa vidole visivyo na nguvu. Akisikia kwamba mgonjwa ni mhunzi, huenda akaufanyia mpini wa nyundo vivyo hivyo. Kwa mtu aliyedhani kwamba maisha yake yamekwisha, siku ya kushika nyundo tena ni siku kuu.

NGAZI ZA OROFA YA NNE

Taabu kubwa huanza mgonjwa apewapo ruhusa ya kurudi nyumbani. Nyumba za zamani za Kaloleni ziko chini, na mlango hufunguka uani. Lakini majumba mengi ya siku hizi, katika Umoja, Kayole na Pipeline, ni marefu na hayana lifti. Mhunzi wetu akifika orofa ya nne, ameingia kama gerezani. Kushuka kwenda hospitali kunahitaji vijana wawili wa kumshika, nauli ya kwenda na kurudi, na mke au mtoto aache kazi yake siku hiyo.

Tena kuna neno la watu. Jirani mmoja husema, "Mbona hakupewa sindano wala dawa? Walimkunja mkono tu!" Mgonjwa mwenyewe huona haya kuonekana akikokota mguu mbele ya watu waliomjua alipokuwa na nguvu. Basi juma la kwanza huenda, juma la pili huenda, na juma la tatu husema, "Nitakwenda mwisho wa mwezi." Hapo ndipo hasara huingia, kwa sababu nguvu nyingi zinazoweza kurudi baada ya kiharusi hurudi katika miezi ya kwanza. Misuli ikiachwa hudhoofika, na viungo vikiachwa hukauka. Mtu aliyeweza kurudi kazini huishia kubebwa.

Watumishi wa idara wanaijua hali hii. Kwa hiyo mtumishi mwenye busara hamfundishi mgonjwa peke yake. Humwita mke, au mume, au kijana wa nyumba ile, akamfundisha pia. Huuliza kuna ngazi ngapi, choo kiko wapi, na kitanda kina kimo gani. Humpa mafunzo machache yawezayo kufanywa katika chumba kimoja, bila chombo chochote ila kiti na ukuta.

Yako mambo matatu ambayo kila nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi yapasa kuyashika. La kwanza, mgonjwa asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliolegea, maana bega lake halina misuli ya kulishikilia, na laweza kuteguka na kumtia maumivu ya siku nyingi. La pili, wakati wa kula aketi wima, wala asilishwe amelala, chakula kisije kikaingia katika mapafu. La tatu, katika ngazi, wakati wa kupanda mguu wenye nguvu utangulie, na wakati wa kushuka mguu dhaifu utangulie.

WALIOUMIA UTI WA MGONGO

Kundi jingine ni la vijana waangukao kutoka pikipiki, au kutoka majengo yanayojengwa. Mara nyingi watu wenye huruma humkimbilia aliyeanguka, mmoja akamshika mabega na mwingine miguu, wakamtupa garini. Huruma hiyo yaweza kumwangamiza. Ikiwa analalamika shingo au mgongo, au hasikii miguu yake, asikunjwe wala asiketishwe. Kama hapo alipo hakuna hatari, wasaidizi wenye ujuzi waitwe. Ikiwa ni lazima aondolewe, shingo yake ishikwe isitikisike, na mwili wake uinuliwe na watu kadhaa kwa pamoja juu ya ubao ulionyoka.

Zamani, mtu aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa amekwisha kufa. Vidonda vya malazi na maradhi ya mkojo vilimmaliza. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi ya watu hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, wengi wao wakiwa askari. Aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na akawafundisha kucheza michezo wakiwa vitini. Tarehe 29 Julai 1948 alianzisha mashindano yao, na kutokana na hayo yalitokea mashindano makubwa ya dunia yaitwayo Paralympics.

Nairobi nayo ina Hospitali ya Taifa ya Majeruhi wa Uti wa Mgongo. Lakini vitanda vyake ni vichache kwa nchi nzima, na mgonjwa hawezi kukaa humo maisha yake yote. Hivyo kazi ya saa mbili huhamia nyumbani. Mgonjwa alalaye ageuzwe, na aketiye katika kiti cha magurudumu ajiinue kwa mikono mara kwa mara ili damu ipite. Ngozi yake itazamwe kila siku, kwa kuwa yeye hasikii kidonda kinapoanza.

MIGUU YA WATOTO

Kwa wastani mtoto mmoja katika kila 1,000 huzaliwa nyayo zake zimepinda kuelekea ndani. Baadhi ya wazazi huona haya na kumficha. Lakini daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba miguu hiyo huweza kunyoshwa kwa plasta inayobadilishwa kila juma, kwa majuma kama sita hivi. Baadaye mara nyingi daktari hukata kidogo mshipa mnene ulio juu ya kisigino. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, karibu mchana kutwa na usiku kucha kwa miezi mitatu, na baada ya hapo wakati wa kulala hata afikie miaka minne. Fundi wa plasta hufanya sehemu yake kwa majuma machache. Mama hufanya yake kwa miaka. Mama akivitupa viatu hivyo kwa kuwa mtoto analia, miguu hurudi kupinda.

Wazazi wasisahau chanjo ya polio pia. Mwaka 2018 virusi vya polio viligunduliwa katika maji machafu ya Eastleigh, na watoto wengi wakachanjwa. Polio ikiisha kuupoozesha mguu, hakuna mtaalamu awezaye kuurudisha kama ulivyokuwa.

MAENDELEO YA KAZI

Kazi hii imeendelea kupata heshima yake. Sheria ya wataalamu wa fiziotherapia ilipitishwa mwaka 2014, na ya wataalamu wa tiba ya kazi mwaka 2017, ili watu wasio na mafunzo wasijifanye waganga wa viungo. Kijana apendaye kazi hii aweza kujifunza katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, na vyuo vikuu navyo hutoa shahada. Kila mwaka tarehe 8 Septemba ni siku ya wataalamu wa fiziotherapia duniani, na tarehe 27 Oktoba ni siku ya wenzao wa tiba ya kazi. Shirika la Afya Duniani husema kwamba watu bilioni 2.4 wana hali ya afya ambayo huduma hizi zingeweza kuisaidia, yaani karibu mtu mmoja katika kila watatu.

Lakini hata watumishi wakiongezwa mara mbili, mikono yao haitafika katika kila chumba cha orofa ya nne. Hospitali huanza kazi, na nyumba huimaliza. Mhunzi yule atarudi Kamukunji ikiwa mkewe ameyashika mafunzo, ikiwa mwanawe humshusha ngazi bila kunung'unika, na ikiwa majirani wameacha kumcheka. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na aliye karibu na mhunzi ndiye wa kumsaidia kulifua upya.