Mwani wa Lubigi na Amonia ya Vyoo Vyetu

Mkaazi wa Kalerwe anaujua vyema mtaro wa Nsooba, uteremkao kupitia Bwaise hadi kinamasi cha Lubigi. Huko Lubigi, tangu mwaka 2014, kuna kiwanda cha kusafisha majitaka, kilichojengwa kupokea kila siku mita za ujazo 5,000 za majitaka ya mabomba na mita 400 za uchafu wa vyoo vya shimo uletwao na magari.

Kiwanda hicho kina watumishi wasiodai mshahara. Ni mwani, mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo ikisongamana huyapa mabwawa rangi ya kijani. Mchana mwani hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, yaani usanisinuru, na kutoa oksijeni. Bakteria waulao uchafu huivuta oksijeni hiyo. Wakiikosa, maji hunuka na kazi hulala.

Sasa, ndugu msomaji, tuingie jikoni mwa mwani. Fikiria bwawa la umeme la Jinja. Mwanga husukuma chembe za haidrojeni zirundikane upande mmoja wa utando mwembamba, mfano wa maji nyuma ya ukuta. Zikirudi kupitia mlango wake maalumu, huuzungusha kama mtambo, na nishati ya kupikia hupatikana. Amonia, gesi ile ichomayo pua katika choo kilichojaa, hupenya utando na kuzinasa chembe hizo. Ukuta umetoboka: jua lawaka, mtambo hauzunguki. Diuroni, dawa ya kuua magugu, hufanya vingine; yenyewe huukata mto kabla haujafika bwawani.

Wataalamu Abeliovich na Azov walionyesha mwaka 1976 kwamba amonia ikizidi miligramu 34 hivi kwa lita, nayo alkali ya maji ikipita kipimo cha 8, usanisinuru wa mwani wa mabwawa ya majitaka huzuilika. Ajabu ni kwamba alkali hiyo huongezwa na mwani wenyewe, kwa kuinyonya hewa ya kaboni majini wakati wa jua kali. Hukinoa kisu cha kujichinjia!

Uchafu wa choo cha shimo una amonia nyingi kupita majitaka ya mabomba. Kwa hiyo pale Lubigi huachwa kwanza utuame, kisha kimiminika chake huenda mabwawani pamoja na majitaka yaliyo mepesi. Gari limwagalo mzigo wake usiku katika mtaro wa Nsooba huiruka hatua hiyo, na amonia yote huteremka kinamasini, ambako maji yake huelekea mto Mayanja.