Hoch, höher, am höchsten: Namna Kijerumani kinavyolinganisha sifa



Tuanze na maandishi ambayo mgeni nchini Ujerumani huweza kuyakuta kwenye pakiti ya dawa: „Höchstens drei Tabletten am Tag". Aliyekwisha jifunza kuhesabu atatambua kwamba ni vidonge vitatu kwa siku. Lakini je, vitatu ndicho kiwango anachopaswa kukifikia, au ndio mpaka asioruhusiwa kuuvuka? Jawabu limo katika neno la kwanza, nalo limetokana na kivumishi hoch, yaani „-refu kwenda juu".

Katika Kiswahili, tunapolinganisha vitu viwili, kivumishi hakibadiliki. Kazi hiyo tunaziachia „kuliko", „zaidi" na „kabisa". Kijerumani hufuata njia nyingine: hukigeuza kivumishi chenyewe. Daraja ya pili hupata -er mwishoni, na daraja ya juu kabisa hupata -sten na kutanguliwa na am. Klein ni dogo. Kleiner, dogo zaidi. Am kleinsten, dogo kuliko yote. Hata neno refu kama interessant hufuata kanuni hiyo: husemwa interessanter, wala si mehr interessant, kosa wanalolifanya wengi waliotangulia kujifunza Kiingereza.

Vivumishi vingi vifupi vyenye irabu a, o au u huongezewa nukta mbili juu ya irabu: alt, älter, am ältesten. Hoch hufanya hivyo pia, na katika daraja ya pili hupoteza herufi c: höher. Vichache hubadilika kabisa na havina budi kuhifadhiwa kwa moyo: gut, besser, am besten, viel, mehr, am meisten.

Vitu viwili vikitofautiana, neno la kuviunganisha ni als. Kilimanjaro una mita 5,895, na Zugspitze, ulioko kusini mwa Ujerumani, una mita 2,962. Basi tunasema: „Der Kilimandscharo ist höher als die Zugspitze". Vikilingana, tunatumia so na wie: so hoch wie.

Kivumishi kikitangulia nomino, am huondoka: „Die Zugspitze ist der höchste Berg Deutschlands", yaani Zugspitze ndio mlima mrefu kuliko yote Ujerumani. Inafaa kukumbuka kwamba hadi Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliihesabu sifa hiyo kuwa ya Kilimanjaro, uliokuwa ndani ya koloni lao la Afrika Mashariki.

Sasa turudi kwenye dawa yetu. Ukiichukua daraja ya juu kabisa na kuimalizia kwa -ens, unapata höchstens: „isiyozidi". Kwa hiyo vidonge vitatu ndio mwisho. Cha nne ni hatari. Kinyume chake ni mindestens: „isiyopungua". Mkataba wa nyumba ukitaka taarifa ya kuhama mindestens drei Monate kabla, mwenye kutoa taarifa ya mwezi mmoja huenda akaendelea kudaiwa kodi ya nyumba aliyokwisha ihama.

Ndiyo maana, msikilizaji, viambishi hivi vidogo si pambo la darasani. Yajifunze maneno hayo mawili kabla ya mengine yote.

Hadi tutakaposikilizana tena, Auf Wiederhören.