UBAO-MAMA WA KOMPYUTA: NAMNA YA KUCHAGUA KWA FEZA KIDOGO



Siku hizi wanafunzi wengi wa madarasa ya juu wanatamani kujiungia kompyuta yao wenyewe nyumbani. Wazo hili ni zuri. Kompyuta ya namna hii inanunuliwa kipande kwa kipande, na kipande kimoja kikiharibika, kinabadilishwa peke yake. Lakini wengi wanaanza mubaya. Wanatafuta kwanza prosesa yenye jina kubwa na sanduku lenye taa za rangi, kisha feza ikibaki kidogo wanamwambia muuzaji: « Papa, unipe tu ubao wa bei ya chini kabisa. »

Feza hiyo, katika nyumba nyingi za hapa Hewa Bora, imewekwa kwa miezi mingi. Mama ameuza, baba amejinyima, ndugu mukubwa ameongeza. Ubao ukikufa kisha wiki mbili, kompyuta yote inakuwa kimya. Njo maana tunapashwa kujua tunanunua nini.

1. Ubao-mama ni nini?

Ni ule ubao mupana unaolala ndani ya sanduku. Wafundi wa muji wanauita kwa Kifaransa carte mère. Vyote vinapandwa juu yake: prosesa inayofanya hesabu, memori, diski, waya za ekra na za klavye. Ndani yake kuna tabaka nyembamba za shaba, mara nyingi nne katika mbao za bei ya chini, sita ao zaidi katika zile za bei kali. Shaba si mugeni kwetu: Lubumbashi iliyeyusha shaba yake ya kwanza katika mwaka 1911. Kazi ya shaba ndani ya ubao ni kupitisha umeme na kusambaza joto.

2. Ubao unalisha prosesa

Tukumbuke somo la fizika: nguvu ni volti mara ampere. Kisanduku cha umeme (alimentasio) kinapeleka volti 12 kwenye ubao. Lakini prosesa haiwezi kumeza volti 12, inaomba karibu volti 1,3 tu. Tufanye hesabu ya prosesa ya wati 65:

– kwa volti 12: 65 ÷ 12 = ampere 5,4 hivi;
– kwa volti 1,3: 65 ÷ 1,3 = ampere 50.

Ampere 50! Vile vipande vidogo vyeusi na koili zilizopangwa pembeni ya prosesa njo vinafanya kazi hiyo ya kushusha volti, na vinapata joto. Sasa ukipandika prosesa ya wati 125 juu ya ubao wa bei ya chini, ni sawa na kupakia gunia mbili za makaa juu ya kinga ya mutoto. Itatembea, lakini itachoka. Kompyuta itapunguza mwendo yenyewe, ao itazimika katikati ya kazi.

Kanuni ya kwanza: ubao wa bei ya chini unapatana na prosesa ya wati 65. Na kama mbao mbili zina bei karibu sawa, uchague ule wenye kifuniko cha chuma cha kupoza juu ya vipande vile. Ubao pia unaomba hewa bora, sawa vile jina la mutaa wetu. Wakati wa kiangazi vumbi linaziba feni, basi sanduku lisafishwe mara kwa mara.

3. Ubao na prosesa vipatane

Kila prosesa ina mahali pake pa kukaa, panapoitwa soketi. Angalia mifano hii ya bei ndogo:

a) AMD, soketi AM4, iliyotoka mwaka 2016. Tafuta ubao wenye maandishi A520, B450 ao B550. Memori yake ni DDR4.

b) Intel, soketi LGA1700. Tafuta H610, B660 ao B760, kwa prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14. Hapa uangalie sana: kuna mbao za DDR4 na mbao za DDR5. Memori ya moja haiingie katika nyingine.

Kuna na mitego. LGA1151 ya Intel ni mutego mukubwa kwa wanaonunua okazioni. Mbao za kizazi cha 6 na 7 zina soketi yenye jina lilelile na zile za kizazi cha 8 na 9. Prosesa inaingia vizuri kabisa, lakini haiwake. Mutego wa pili: ubao wa zamani unaweza kukataa prosesa mupya mupaka programu yake ya ndani, yaani BIOS, ibadilishwe. Kwa mufano, B450 ilitoka mwaka 2018, na Ryzen za 5000 zilikuja baadaye. Umuulize muuzaji: « BIOS iko ya sasa? » Umuombe akuwashie mbele yako na prosesa ileile.

Mutego wa tatu: Ryzen 5 5600 haina picha ndani yake, bali 5600G iko nayo. Kwa Intel, herufi F mwisho wa namba inaonyesha kwamba picha hakuna. Ukichukua zile bila kuwa na kadi ya picha, ekra itabaki nyeusi hata kama ubao una tundu la HDMI.

4. Nini ya kulipia, nini ya kuacha

Ulipie: nafasi mbili za memori kwa uchache (nne ni heri), nafasi ya M.2 kwa diski ya mwendo, na tundu linalopatana na ekra uliyo nayo. Ekra nyingi za zamani zinaomba VGA. Ukubwa wa micro-ATX, sentimita 24,4 kwa 24,4, unatosha kabisa.

Uache: taa za rangi na maandishi makubwa ya mchezo. Havifanye hesabu hata moja.

5. Ukinunua okazioni

« Mwanangu, iko muzima, ilitoka Dubai! » Ni vizuri, Papa, lakini tuangalie pamoja:

– Vile vikopo vidogo vya mviringo visiwe vimevimba juu ao kutoa maji. Kati ya 1999 na 2007 hivi, mbao nyingi duniani zilikufa kwa ugonjwa huo.
– Sindano za soketi ya Intel zisiwe zimepinda. Kwa AM4 sindano ziko chini ya prosesa, basi uigeuze.
– Ujaribu kila nafasi ya memori na kila tundu la USB, na uiache iwake nusu saa.
– Saa ikipotea kila unapozima, mara nyingi ni batri CR2032 ya volti 3 tu. Hiyo si ugonjwa.
– Uombe karatasi ya malipo yenye siku za kurudisha.

6. Umeme wa nyumbani

Ubao muzuri namna gani utakufa kama umeme unaondoka na kurudi kwa nguvu. Feza uliyoiacha kwenye taa za rangi, uitie katika alimentasio ya kweli na stabilizatere, ao onduleri kama inawezekana. Prizi iwe na waya wa kwenda udongoni. Wakati wa mvua na radi, uchomoe waya, usizime tu.

Kwa kumaliza, muulize maswali kwa utaratibu huu: Kazi gani? Prosesa gani? Ubao gani unapatana nayo na kuilisha? Umeme gani utailinda? Taa za rangi zije nyuma, kama feza imebaki. Na mwenye kujua zaidi awaonyeshe wadogo wake, maana feza ya mwenzako ikipotea bure, hasara inafika mupaka kwa mama yake.